Vile tulimaliza kemo ya mamangu na mtungi wa shangazi ukiwa bado umejaa

Kama uko na mgonjwa wa kansa kwa nyumba, jua simu itaanza kulia kabla hata hamjapewa tarehe ya kemo, zile dawa kali za kuua kansa. Mimi nilipigiwa na watu sikujua hata wako na namba yangu. Huyu anasema alovera, yule moringa, mwingine unga wa manjano na pilipili manga, binamu wa Nandi Hills naye akatuma majani chai ya kijani imesagwa laini, na kila mmoja ati hii ndio itakinga mwili kemo isimmalize mama. Hakuna hata mmoja aliuliza mama anapewa dawa gani. Hapo ndio hasira yangu ilianzia, na sijui kama imeisha.

Mama alikuwa na kansa ya titi. Upasuaji ulifanywa, hiyo ni stori ya siku ingine, halafu akapangiwa kemo kila wiki tatu, kwanza doksorubisini pamoja na siklofosfamidi, baadaye paklitakseli. Pesa msiniulize, SHA, ile bima ya afya ya serikali, ililipa zingine, ng'ombe mmoja akaenda, chama yetu ya soko la Kibuye pale nauza mitumba ikanibeba, na risiti ziko kwa karatasi ya nailoni chini ya kitanda sitaki kuziona.

Doksorubisini ni ile nyekundu. Ikishaingia kwa mshipa hata mkojo unatoka mwekundu siku hiyo ama ya pili, na kama hamjaambiwa mapema mtapiga nduru usiku wa manane mkidhani ni damu. Ni rangi ya dawa tu. Lakini shangazi aliposikia hiyo ya mkojo akasema ndio hivyo, moyo umeanza kuyeyuka, na juma hilo hilo akateremka na matatu kutoka Mbale na mtungi wa lita tano. Ndani kuna maji meusi rangi ya strungi, chai bila maziwa, harufu ya majani ya jana. Gilasi asubuhi, gilasi jioni, "itazuia sumu ya hospitali."

Sasa shida ya shangazi ni kwamba hakosagi kaukweli kidogo. Hiyo dawa kweli inaweza kuumiza misuli ya moyo, hata kadi ya mama iliandikwa apigwe eko, ile picha ya moyo, kabla ya kuanza. Na kijana wake mwenye yuko chuo akatuma kwa grupu ya familia utafiti, ati panya wamepewa doksorubisini, wengine wakaongezewa dondoo ya majani fulani, na wale wa majani mioyo yao ikabaki sawa. Grupu nzima ikanigeukia mimi kwani ni nini mbaya na wewe, sayansi si hiyo.

Kwanza nilijaribu njia ya heshima. Nikamleta shangazi kliniki asikie kwa masikio yake. Tumekaa benchi tangu saa mbili asubuhi, yeye amevaa kitambaa chake kizuri cha kanisa na kichupa cha sampuli kwa mkoba, tukaingia saa saba hivi, daktari hajainua kichwa akasema kwa kizungu hapana mitishamba, next. Ni hivyo tu! Shangazi akatoka pale akiwa ameshinda kesi. "Umeona? Hajauliza hata ni mti gani." Na wallahi siwezi kumlaumu, hata mimi ningetaka aulize. Njia yote mpaka stejini Kondele alikuwa anamwambia kondakta.

Mwenye alinisaidia ni mfamasia, kijana mpole wa lile dirisha la dawa za kansa. Nilimwonyesha ule utafiti kwa simu akausoma amesimama, foleni nyuma yangu inanung'unika, akaniuliza, "Dada, hawa panya walikuwa na kansa?" Nikasema sijui. "Hawakuwa. Walikuwa panya wazima." Akanieleza tafiti nyingi za aina hiyo ziko hivyo, panya mzima anapigwa dawa, anapewa dondoo iliyopimwa kwa miligramu, halafu wanaangalia moyo, ini ama figo. Kitu hawajaangalia ni kama ule uvimbe nao utakingwa pamoja na moyo. Doksorubisini inaumiza moyo kwa sehemu kupitia zile kemikali kali za oksijeni, na vitu vya kuzizima viko kwa mimea mingi, sawa, lakini chenye kinaingia kwa moyo nani amekiambia kisiingie kwa titi?

Akaongeza, moyo wa mamako tunaukinga kwa hesabu. Kila mara anapata kama miligramu 60 kwa kila mita mraba ya mwili, mara nne, jumla 240, na hatari inapanda sana ukifika kati ya 450 na 550. Na kuna dawa ya kukinga moyo inaitwa deksrazoksani, inadungwa kwa wale wenye wanaihitaji, ilipimwa kwa watu wenye kansa sio panya wazima. Siklofosfamidi nayo inaingia ikiwa imelala, ini ndio huiamsha, sasa ukienda kuchokora ini na mizizi hujui unaiamsha sana ama unailaza kabisa. Kuhusu ile chai ya kijani akaniambia mwaka wa 2009 kuna watu walipima kwa panya wenye uvimbe wakapata kiini chake kinashikana na dawa ya kansa ingine, bortezomibu, dawa inabaki haifanyi kazi. Mama hakuwa kwa hiyo lakini nilielewa. Kikombe cha chai ya kawaida hakuna shida, unga uliokolezwa ndio hapana. Alovera naye, ile maji ya njano chini ya ngozi ni ya kuharisha, na mama alikuwa tayari anakimbia choo.

Nikampigia mzee wa mitishamba mwenyewe, yule alimpea shangazi ule mtungi. Nikamuuliza baba, kwa mtungi kuna nini? Akasema miti kumi na miwili. Gani? Kimya. Akasema hiyo ni siri ya babu yake. Mfamasia alikuwa amesema nilete majina tu, atatafuta moja moja, sasa siri ya babu nitaitafuta wapi?

Basi ndio nikaingia kwa ujanja. Na mama ndio alianza, mimi nilipika tu. Shangazi alikuwa anakuja kila baada ya kemo kukagua mtungi umepungua kiasi gani, anaweka hadi alama na kalamu. Mama akaniambia huyu wifi yangu hata pasta hamwezi, wewe mletee kitu cha kunywa. Nikanunua mtungi wa rangi hiyo hiyo pale soko la Jubilee, wa shangazi nikauingiza nyuma ya magunia ya mitumba. Nikachemsha tangawizi kidogo na majani chai mengi mpaka ikawa nyeusi tii, ikapoa, nikamimina mpaka kwa alama ya kalamu. Mfamasia alikuwa ameruhusu tangawizi ya chai, sio ile ya kukolezwa, juu chembe za kugandisha damu zikishuka hutaki kuongeza kitu cha kufanya damu isigande. Tena tangawizi yenyewe si ya kubahatisha, Marekani mwaka wa 2012 walichapisha majaribio ya wagonjwa 576, nusu gramu mpaka gramu moja kwa siku pamoja na dawa za kawaida za kuzuia kutapika ilipunguza kichefuchefu cha siku ya kemo. Pamoja na, sio badala ya. Ondansetroni ya mama, ile ya kuzuia kutapika, haikukosa hata siku moja.

Sasa shangazi akija, mama anamiminiwa gilasi mbele yake. Jamani, mama angekuwa mwigizaji! Anafunga macho, anakunja uso, anashika kifua, "uuuwi, hii ni chungu wifi yangu," halafu anamaliza yote. Shangazi anatikisa kichwa ameridhika. Tulienda hivyo vizuri mpaka siku moja shangazi mwenyewe akasema anaskia mgongo, akachukua gilasi akajimiminia. Mimi niko jikoni na mwiko nimekauka. Akanywa. Akalamba midomo, akanyamaza, akaangalia mtungi. Nikaanza kupanga maneno ya kuomba msamaha kwa lugha zote. Akasema, "Hii ya saa hii ni kali. Yule mzee ameongeza mzizi." Mama alilazimika kukohoa kwa leso.

Mengine yenye yalisaidia hayana ujanja. Nunua thermomita, bei yake si kitu, ikifika 38 usingoje asubuhi na usimpe panadol kuishusha kwanza, kimbia hospitali, juu chembe nyeupe za damu zikiwa chini homa inaweza kumaliza mtu kwa masaa. Ndio sababu ingine sikutaka majani yaliyolowekwa kwa maji ya mto. Vidonda vya mdomo tulisukutua na maji ya uvuguvugu, chumvi na baking soda. Managu na mrenda zilipikwa zikaiva kabisa, omena pia, uji kila saa alipoweza.

Tulipofika kwa paklitakseli vidole vya mama vikaanza ganzi, akawa anaangusha sindano ya kushona, na hapo shangazi akarudi na mizizi mipya. Nikamwambia shangazi, hii ya sasa ni ya mti. Kweli kabisa, ilitolewa kwa maganda ya mti wa huko magharibi mwa Marekani, walichukua maganda mwaka wa 1962 na ikaidhinishwa 1992. Na lile ua la pinki limepandwa kwako mlangoni ndio lina vinkristini, dawa ingine ya kansa, inadungwa kama miligramu mbili tu kwa mtu mzima na ukizidisha neva zinaharibika. Akaniangalia muda mrefu. "Kwa hivyo wazungu waliiba." Sikuwa na jibu. Lakini hiyo mizizi hakuisukuma tena, ati mti juu ya mti utapigana.

Mama alimaliza. Nywele zimerudi, ganzi imebaki kidogo kwa vidole vya miguu. Shangazi naye kila matanga anasimulia vile mtungi wake ulimtoa wifi yake kwa kemo bila kutapika sana, na mwezi uliopita nikaskia ameahidi kupelekea mzee mmoja wa Luanda mwenye anaanza. Hiyo sikungoja. Nilitafuta namba ya binti yake, nikampa jina la yule mfamasia na siku zenye hukaa dirishani, na nikamwambia akienda sokoni aangalie mtungi wa rangi gani shangazi huwa anabeba.