Barua Zilizokwama

Juni 2022, ofisini kwetu Chumbageni, Tanga. Naingia getini, namwamkia mzee mlinzi shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Kile kisanduku chako cha stoo kimelia usiku kucha. Hukupata habari?"

Sikupata. Umeme wa jengo la stoo ulikatika, UPS, kile kisanduku cha betri ya akiba, ikalia mpaka betri ikaisha, swichi inayounganisha mtandao wa stoo ikazima. Seva yenye Nagios, programu inayochunga mtandao na kunitumia tahadhari kwa barua pepe, iko jengo kubwa, nayo iliona kila kitu: skrini nyekundu tangu saa nane usiku. Simu yangu haina hata barua pepe moja. Kilichonichoma ni kwamba wiki mbili nzima sikupokea tahadhari yoyote, na nilishamwambia bosi mtandao umetulia.

Nikaanza na logi ya Nagios, yaani kumbukumbu zake. Tahadhari imeandikwa, saa ipo, na mpokeaji ni mimi. Kumbe Nagios imeshaandika barua na kuikabidhi posta. Posta yetu ni Postfix, programu ya kutuma barua pepe, nikaandika mailq, amri ya kuonyesha barua zinazosubiri. Foleni ikajaza skrini, kila barua na kosa lile lile, 535: nywila imekataliwa. Nywila ambayo sikuigusa tangu mwaka uliotangulia!

Barua za mwanzo hazikuwemo. Postfix huishikilia barua siku 5, ikishindikana huirudisha kwa mtumaji, na mtumaji wetu ni akaunti ya nagios humo humo ndani ya seva. Nikafungua sanduku lake. Zote zimo. Siku baada ya siku mashine ilikuwa ikilalamika kwamba haisikiki, tena kwenye sanduku nililolitengeneza mwenyewe na sijawahi kulifungua. Nilikaa pale kitambo.

Dawa ilikuwa fupi. Mtoa huduma wetu wa barua pepe, tangu mwisho wa Mei, hapokei tena nywila ya kawaida kutoka kwa programu. Nikawasha uthibitisho wa hatua mbili, nikapewa nywila maalum ya programu, ya herufi 16, nikaiingiza kwenye Postfix, nikaisukuma foleni. Simu ikatetemeka mfululizo.

Sikuridhika. Nikamwita mzee, nikachomoa waya wa swichi ya stoo. Nagios yetu hukagua mara 3 kabla ya kutuma.

"Tayari?"

"Bado, mzee."

Akasogea, macho kwenye simu mkononi mwangu. Ikatetemeka.

"Isome."

"Swichi ya stoo haipatikani."

"Eeh," akasema. "Hiyo ndiyo ya jana."