Siku Moja Maishani Mwangu: Kuhamisha Nywila za Ofisi Kutoka Kwenye Excel

Saa moja asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani Uyole, nilipakua KeePassXC, programu ya kutunza nywila, kutoka kwenye tovuti yake rasmi na kuihifadhi kwenye flashi. Kazi ya leo ilikuwa katika duka la jumla la pembejeo za kilimo huko Mwanjelwa, ambako nywila zote za ofisi, kuanzia barua pepe na akaunti za wasambazaji hadi benki, ziliandikwa katika jedwali moja la Excel lililokuwa likizunguka kwa wafanyakazi. Niliichagua KeePassXC kwa sababu ni programu huria, haihitaji kufungua akaunti popote, na faili lake la KDBX, ambamo nywila zote hukaa, hubaki mikononi mwa mwenyewe. Akitaka kulifungua kwa KeePass, ambayo Dominik Reichl aliitoa mara ya kwanza mwaka 2003, au kwa KeePassDX kwenye simu ya Android, litafunguka vilevile.

Saa mbili na nusu nilikuwa ofisini. Nilimwamkia mhasibu, naye akaitikia, akanimiminia chai kwa kuwa baridi ya Julai hapa Mbeya haimwachi mtu aanze kazi hivihivi, kisha akauliza swali ambalo hulisikia karibu kila ofisi: “Mwanangu, kwani nikilifunga hili jedwali humuhumu Excel halitoshi?” Nilimweleza kwamba kuna kufuli za aina mbili. Ile ya kulinda ukurasa huzuia tu watu wasibadilishe maandishi, wala haisimbi chochote, yaani haiyageuzi kuwa fumbo lisilosomeka bila nywila. Ile ya kufunga faili zima husimba kweli, lakini likishafunguliwa, nywila zote hukaa wazi kwenye skrini moja mbele ya yeyote anayepita nyuma ya kiti. KeePassXC huficha kila nywila kwa vitone, na ukiinakili, huifuta kwenye ubao wa kunakili (clipboard) baada ya sekunde 10, mpangilio usipobadilishwa.

Kabla ya kugusa jedwali nilizima huduma inayopeleka nakala za mafaili kwenye intaneti. KeePassXC huingiza data kupitia faili la CSV, nalo ni maandishi matupu ambayo mtu yeyote anaweza kuyasoma kwa Notepad. Faili la namna hiyo likipanda mtandaoni hata kwa dakika chache, kazi nzima inakuwa ya bure.

Kuanzia saa tatu hadi saa sita tulikuwa kwenye safu za jedwali, na sehemu hii ndiyo inayokula siku, wala si usimbaji. Excel haijui kwamba kilichoandikwa ni nywila. Ikikuta tarakimu tupu huzichukulia kuwa namba, kwa hiyo sifuri ya mwanzo hupotea, na namba yenye zaidi ya tarakimu 15 hubadilishwa tarakimu zake za mwisho kuwa sifuri. Ikikuta 3-4 huweza kuigeuza tarehe; ikikuta alama ya = mwanzoni hudhani ni fomula; na mtu akiandika (c) humgeuzia kuwa ©. Njia yangu ya kuzitambua nywila zilizojeruhiwa ni rahisi: kwa kawaida maandishi hukaa kushoto mwa kisanduku na namba hukaa kulia, hivyo chochote kilichoegemea kulia katika safu ya nywila ninakitilia shaka. Namba za simu zilizotumika kama majina ya mtumiaji zilikuwa zimepoteza sifuri zake zote, na tukazirudisha mojamoja huku mhasibu akizilinganisha na daftari lake. Tuliigeuza safu nzima kuwa ya maandishi kwanza, kwa maana ukirudisha sifuri bila kufanya hivyo, inaondoka tena. Visanduku vilivyokuwa na jina na nywila pamoja, vimetenganishwa kwa mkwaju (/), tulivigawa katika safu mbili.

Saa saba tulikula wali na maharage.

Saa nane nilihifadhi jedwali kama CSV ya UTF-8, mpangilio unaobeba herufi za kila aina, na mhasibu akaunda hifadhidata mpya mwenyewe. Kwa nywila kuu, ile inayofungua hifadhidata nzima, tulitumia maneno sita ambayo programu iliyachagua kwa bahati nasibu kutoka katika orodha ya maneno ya Kiswahili niliyokuja nayo. Nilimkataza kubadilisha hata moja kwa sababu “halipendezi”, kwani analolipenda mtu ndilo linalokisiwa. Faili husimbwa kwa mbinu iitwayo AES-256, na nywila kuu hupitishwa kwanza katika Argon2, mbinu iliyoshinda mwaka 2015 shindano la kimataifa la mbinu za kuhifadhi nywila, ambayo kwa makusudi hula kumbukumbu na muda ili anayebahatisha asiweze kujaribu nyingi kwa haraka. Kuingiza data kwenyewe kulichukua dakika chache: kuonyesha kwamba mstari wa kwanza ni vichwa, kuoanisha safu, kutazama onyesho la chini, basi. Kisha tulilinganisha idadi ya mistari na idadi ya maingizo, na tukajaribu kuingia katika akaunti zilizokuwa na nywila tulizozitilia shaka.

Saa tisa na nusu tuligeukia nakala za zamani: kwenye kompyuta, kwenye kikapu cha taka, katika barua pepe zilizotumwa, katika kundi la WhatsApp, na karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa stoo. Tulizifuta na kuichana karatasi, lakini kufuta kwenye flashi au diski ya SSD hakuhakikishi kwamba data imetoweka, na hakuna awezaye kufuta kilichoko kwenye simu ya mfanyakazi aliyekwisha kuacha kazi. Nywila iliyowahi kukaa wazi ni ya kubadilishwa. Tulianza na barua pepe, kwa kuwa kupitia hiyo mtu anaweza kuomba nywila mpya za akaunti nyingine zote, kisha tukafuata ripoti ya KeePassXC iliyoonyesha akaunti zilizokuwa zikitumia nywila moja.

Mwenye duka alifika saa kumi na moja akauliza kama mambo yote haya ni ya lazima. Nilimkumbusha kwamba anatunza majina na madeni ya wateja wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka azilinde. Nywila kuu iliyoandikwa kwa mkono iliingia katika bahasha, na bahasha ikaingia kwenye sefu, kwani ikisahaulika hakuna wa kuirudisha, si mimi wala waliotengeneza programu. Nakala rudufu ya faili ilikwenda nyumbani kwake. Zimebaki nywila za benki, ambazo ujumbe wa uthibitisho huja kwenye simu yake. Atazibadilisha kesho saa tatu akiwa na mhasibu, na nimewaambia wazi kwamba hapo mimi sitakiwi kuwepo.