Fizi zangu zilikuwa zikitoa damu, nami nikaziacha

Nilikuwa barazani kwetu Ujiji, natafuna muwa. Nilipoutoa mdomoni, pale peupe nilipong'ata palikuwa na michirizi ya damu. Haikuwa mara ya kwanza. Karibu mwaka mzima nilikuwa nikitema povu lenye wekundu kila nikipiga mswaki, na nilikuwa nimeshajiamulia tiba: upande wa chini kushoto, ule unaotoa damu, siugusi. Niliuacha upumzike upone.

Naandika kwa sababu ya kosa hilo, maana najua wengi wanalifanya.

Mama mdogo aliuona ule muwa, akaniambia, "Mwanangu, babu yako alikufa kibogoyo, na meno yake yalitoka mazima, hata tundu hayakuwa nalo." Sisi tulizoea kusema ni uzee. Wiki ile ile nikapanda daladala hadi mjini kwa daktari wa meno.

Daktari alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakipitisha taratibu kati ya fizi na jino huku akimtajia nesi namba. Mbili, tatu, mbili. Alipofika chini kushoto: tano, tano, sita. Akanieleza kuwa mpaka tatu ni kawaida. Ikizidi hapo na fizi imeachana na jino, mfupa unaolishika jino unakuwa umeanza kulika, na ukishalika haurudi wenyewe. Laiti ningekwenda fizi zilipokuwa zimevimba tu, zingepona kabisa.

Kisha akanipa kioo. Nyuma ya meno ya chini ulikuwepo mstari wa ukoga wa rangi ya chai, umeganda kama magamba ya ndani ya birika.

"Dada, huu ulianza kama utando laini wa bakteria," akasema. "Ungeutoa kila siku usingeganda. Sasa mswaki hauuwezi."

Kumbe damu ilikuwa inatoka kwa sababu fizi imevimba, na imevimba kwa sababu ya utando ule niliokuwa nauachia nafasi.

Aliniuliza kama navuta sigara, kisha akataka nipime sukari, kwa kuwa mwenye kisukari fizi zake huharibika upesi, na fizi mbovu nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Yangu ilikuwa sawa.

Alinikwangua ukoga kwa siku mbili tofauti, upande wa kushoto kwa sindano ya ganzi. Nyumbani nikaanza upya: mswaki laini, nauinamisha uguse pale fizi inapokutana na jino, naupeleka kidogo kidogo bila kukandamiza, dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Usiku natanguliza uzi wa meno, hasa msimu wa maembe. Wiki ya kwanza damu ilitoka hata kwenye uzi, na maji ya baridi yalinichoma hadi masikioni. Nilitamani kuacha. Wiki ya pili povu likatoka jeupe.

Uvimbe ulipoisha, vijinafasi vilionekana kati ya meno, nikaogopa. Daktari akasema ndivyo fizi zilivyo baada ya kunywea.

Miezi mitatu baadaye alipima tena. Zile tano zilikuwa tatu. Ile sita imebaki nne, na kwa ajili yake narudi tena, safari hii na mama mdogo.