Sentimita tatu tu

Jumapili jioni, Coco Beach. Maji yamekupwa, yameacha dimbwi kubwa katikati ya miamba, kina cha magoti. Mimi na mpwa wangu tukashusha boti yake ya rimoti. Haikufika hata mita 30. Ikaanza kusitasita, ikapinda yenyewe, halafu ikashika njia ya mwambani kwa mwendo uleule.

"Anko, isimamishe!"

Niisimamishe na nini? Nimenyoosha rimoti, ncha ya antena naielekeza kwenye boti kama mtu anayelenga ndege kwa manati. Puu! Kijana aliyekuwa anaogelea akatuletea, imepasuka puani.

Kosa ni langu, na nimelirithi. Marehemu baba alivuta waya wa shaba kutoka dirishani hadi juu ya mwembe ili usiku aipate Idhaa ya Kiswahili ya BBC bila mikwaruzo. Waya ukirefuka, sauti inatulia. Ndivyo nilivyokua nikiamini. Basi nilipoifungua boti na kukuta antena ya risiva, kile kifaa kinachopokea amri za rimoti, ina kincha kifupi kisichofika urefu wa kidole, niliionea huruma. Nikachomelea nusu mita ya waya, nikaukunja chini ya betri usilowe.

Fundi wangu Kariakoo alifungua mfuniko, akaguna. "Kaka, umeizamisha baharini halafu unataka ikusikie?"

Mawimbi aliyoyatega baba yalikuwa na urefu wa makumi ya mita, ndiyo maana mwembe ulisaidia. Rimoti hii ni ya gigahezi 2.4, wimbi lake ni sentimita 12.5 tu, na antena hutakiwa kuwa robo yake: milimita 31 hivi. Sehemu iliyobaki ya waya wa antena, ile ambayo waya wa katikati umezungukwa na ganda la waya mwingine, ni njia tu ya kufikisha mawimbi kwenye risiva. Nusu mita yangu iliivuruga. Na kule chini ya betri, ncha ilikuwa chini ya usawa wa maji. Maji ya chumvi huyameza mawimbi hayo yasifike popote.

Kilichoniuma zaidi ni kuhusu kulenga. Antena haitoi nguvu kwenye ncha, inatoa ubavuni. Muda wote ule boti ikitokomea, mimi nilikuwa naielekezea upande wake dhaifu kabisa! Na kwa bidii.

Tumeukata waya wangu, tumeipima ncha kwa rula, tumeisimamisha juu ya sitaha ndani ya mrija wa soda, mbali na mota na betri. Risiva nayo imepangwa ikipoteza mawimbi ikate mota.

Leo boti ilikaa juu ya ndoo mlangoni, mimi nikatembea na rimoti hadi kwa muuza chipsi, hatua 80. Mpwa wangu akapunga mkono: propela inazunguka. Nikazima rimoti makusudi. Ikasimama.

"Anko, zima tena!"