Si Kama Apigaye Hewa

Bwana asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimelemewa na jambo la uchovu. Tunafunga, tunakesha, sauti zinakauka, halafu Jumapili tunafika kanisani tukiwa hoi na nyumbani hakuna kilichosogea. Nimekuwa nikiuzunguka mstari ule wa 1 Wakorintho 9:26: "napigana ngumi vivyo hivyo, si kama apigaye hewa."

Sisi wa Uganda tunaye wa kutufumbulia maneno hayo. Ayub Kalule, mtoto wa Kampala, alitwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch mwaka 1974, na mwaka huohuo ubingwa wa dunia wa ridhaa mjini Havana. Akahamia Denmark, akaingia ngumi za kulipwa, na tarehe 24 Oktoba 1979 mjini Akita, Japani, akamvua Masashi Kudo mkanda wa ubingwa wa WBA, chama cha ngumi za kulipwa duniani. Ndiye Mganda wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Pambano lilikwenda raundi zote 15. Piga hesabu, raundi moja ni dakika tatu: dakika 45 za kurushiana makonde, na kati ya raundi na raundi dakika moja tu ya kukaa kwenye kigoda. Akashinda kwa pointi. Mkanda huo aliutetea mara 4 kabla Mmarekani Sugar Ray Leonard hajamsimamisha raundi ya 9 kule Houston, Juni 1981.

Mtu anadumu vipi dakika 45? Mbio za alfajiri zina sehemu yake, na kuruka kamba pia. Lakini muulize kocha yeyote wa Kampala, atakwambia kwamba ngumi inayokosa huchosha kuliko inayompata mtu. Ngumi ikifika, mwili wa mpinzani ndio unaoisimamisha, na mkono unarudi shavuni upesi. Ikikosa, bega na mgongo wako ndivyo vinavyoufungia breki mkono wote pamoja na glavu. Uzito unamwagikia goti la mbele, kisigino cha nyuma kinaning'inia, kidevu kinabaki wazi, na kabla ya ngumi ya pili lazima ujikusanye upya. Rudia hivyo mara ishirini katika raundi moja, na pumzi uwe umeibana badala ya kuitoa kwa kila ngumi. Kufika raundi ya 6 mikono imeshuka kiunoni. Dawa yake ni ndogo tu: usirushe ukiwa mbali. Sogeza mguu kwanza, pima kwa mkono wa mbele, kisha piga.

Bondia mwingine wa Uganda, John Mugabi, aliyaona hayo. Alikuwa na medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980, na mapambano yake ya kulipwa, zaidi ya 20, alikuwa ameyamaliza yote kwa KO, yaani kwa kumwangusha mpinzani asiweze kuendelea. Machi 1986 akakutana na bingwa wa dunia wa uzito wa kati, Marvin Hagler, mjini Las Vegas. Makonde yake mazito yalipita pembeni mengi mno, na raundi ya 11 akahesabiwa mpaka kumi. Nguvu alikuwa nazo, tena za kutisha.

Sasa sikieni, ndugu zangu, maana nasema kwa upendo. Ijumaa usiku tunamkemea shetani wa ziwani na wa milimani, Jumatatu tunapita barabara ya nyuma kumkwepa mwenye duka tunayedaiwa naye. Tunavunja laana za mababu mpaka koo linatoa damu, na ndugu wa tumbo moja tuna miaka mitatu hatujasalimiana naye. Huko ndiko kupiga hewa. Ndiyo maana tumechoka! Bwana hakutunyima nguvu. Tunarushia mbali.

Na Paulo alipiga wapi? Mstari wa 27: "bali nautesa mwili wangu na kuutumikisha." Neno la Kigiriki lililotafsiriwa "nautesa" ni la ulingoni, maana yake ni kumpiga mtu chini ya jicho. Mtume hakumlenga jirani, wala mkwe, wala yule mchawi wa kuhisiwa tu. Ngumi ilitua usoni pake mwenyewe, kwenye ulimi wake, tumbo lake, kiburi chake, kwa hofu kwamba baada ya kuwahubiri wengine yeye atakataliwa. Mama unayeniletea kila wiki orodha ya maadui kumi na wawili ili tuwaombee waanguke, nakupenda, lakini wiki hii iache nyumbani.

Kwa hiyo maombi ya Alhamisi tutayafanya tofauti. Hakuna kipaza sauti. Kila mmoja aje na karatasi yenye jina moja tu: la mtu anayemdai yeye, au la mtu ambaye yeye amemkosea. Tutaomba dakika tatu kwa jina hilo, kisha dakika moja ya kimya. Wenye simu zenye salio wawaazime wenzao, ili atakayetaka kupiga apige palepale uani kabla hatujafunga.