Ndoo ya karanga mbovu

Msimu wa palizi hapa kwetu Chamwino, mkoani Dodoma, mama anatoka alfajiri na jembe begani, anarudi jua likizama. Mtoto wa miaka miwili anabaki na dada yake wa miaka saba na kiporo cha ugali. Dada huyo naye siku hiyo hakwenda shule. Kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji aliponiomba niwe mlezi kwenye kituo chetu cha malezi, nilikubali kabla ya kuuliza posho.

Kituo ni chumba kimoja cha tofali za kuchoma. Kuna mikeka minne, magari ya maboksi, wanasesere wa magunzi, na mlangoni kibuyu chirizi, kile kidumu cha kunawia kinachoning'inizwa. Nina watoto 23. Kila asubuhi mtoto ananawa uso kwanza, ndipo anaingia. Sina mzaha kwenye hilo, maana huku kwetu nzi wanafuata matongo ya macho, na ugonjwa wa macho wa vikope, unaosambazwa na nzi hao, umewapofusha wazee wengi wa Ugogo.

Desemba 2021 serikali ilizindua hapa Dodoma programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Jina ni refu, lakini jambo lenyewe naliafiki: afya, lishe, kuchangamsha akili na ulinzi wa mtoto viende pamoja, tangu azaliwe hadi miaka minane. Mimi kwangu vyote vinaanzia kwenye sufuria ya uji wa saa nne.

Februari mwaka jana mhudumu wa afya wa kijiji alikuja na utepe wa kupimia mkono. Mvulana mmoja, mpole, asiyelia hata akinyang'anywa gari lake, alisoma sentimita 12.1. Njano, yaani utapiamlo wa kadiri. Ingeshuka chini ya 11.5 ingekuwa nyekundu, utapiamlo mkali. Mama yake alishangaa, kwa sababu alikuwa akijinyima ili amnunulie unga wa lishe gulioni, wenye michanganyiko tisa. Aliuleta. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, ngano, mchele: hizo zote ni nafaka, kuzirundika pamoja hakumwongezei mtoto kikubwa. Nilipofungua mfuko, karanga zilizosagwa humo zilinuka uchachu na ukungu.

Mwili ulinisisimka. Wa huku hatujasahau 2016, watu walipougua na wengine kufa mkoani kwetu na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu. Macho ya njano, tumbo limejaa. Na sumu hiyo haifi kwa kuchemsha, hata uji utokote saa nzima. Sisemi ndiyo iliyomkondesha yule mtoto. Naamini zaidi alikuwa anakula mara mbili tu kwa siku, na uji wenyewe mwepesi kama maji ya kunawia. Lakini tangu siku hiyo unga wa kununua hauingii jikoni kwetu.

Tunasaga nafaka moja tu. Karanga tunakaa nazo nzima, tunachagua, tunakaanga na kutwanga za siku hiyo, kisha zinaingia kwenye uji unaochemka. Kuchagua ni kazi ya akina bibi wawili kwa zamu. Ungo unawekwa juani, kiganja kinapita taratibu. Iliyosinyaa, toa. Iliyovunjika, toa. Yenye doa la kijani au jeusi, toa, na zilizoigusa zitazame tena.

Mvulana tulimpa uji mzito mara mbili akiwa kituoni, na mama yake akamwongezea wa jioni. Aprili utepe ulisoma 12.8. Siku hiyo hiyo alimng'ata mwenzake kwa ajili ya gari la boksi, nami moyoni nilifurahi.

Kazi ngumu ilikuwa ndoo ya karanga mbovu. Februari ni mwezi wa njaa, ghala limebaki vumbi, na hapo unamwambia bibi aliyeona njaa nyingi kwamba kilo moja na nusu ya chakula inafukiwa. "Mwalimu, basi nipe kuku wangu," aliniambia. Nikamjibu, "Bibi, kuku nao sumu hii inawadhuru." Alikaa kimya kitambo. Kisha akachota konzi moja, akainusa, akatema mate pembeni, akaibeba ndoo mwenyewe hadi shimoni.