Yaya wa mapipa: siku yangu moja kwenye trela la povu, Minnesota, mwezi wa kwanza

Saa 10 na nusu alfajiri (nahesabu saa za kwetu, mjue) alamu inalia na kitu cha kwanza kichwani sio mswaki wala chai, ni hita ya trela. Imelala inawaka au imezima? Nje ni nyuzi hasi 24, hiyo ni Celsius, pua inaganda kabla hujafika kwenye gari.

Saa 11 na robo nipo yadi nafungua mlango wa trela. Siku ikiwa nzuri ukifungua ule mlango joto linakupiga usoni kama umefika Tanga mchana. Leo naona pumzi yangu mwenyewe inatoka moshi humo ndani. Naangalia kipimajoto, nyuzi 9. Aisee nikaishiwa nguvu, nikaanza kutafuta mchawi na mchawi ni mimi: jana jioni nilichomeka chaja ya betri ya lori kwenye soketi ile ile ya hita, sakiti breka ikakata usiku, hita ikazima, chaja nayo ikazima, vyote nimekosa.

Kwa wasiojua, kazi yetu ni kupuliza povu kwenye kuta na mapaa ili nyumba isivujishe joto. Ndani ya trela la futi 24 kuna jenereta ya dizeli, kompresa, mashine ya kupashia na kusukuma dawa, mpira wa mita 90 hivi, na mapipa. Leo mapipa manne, mawili ya A mawili ya B, kila moja galoni 55, yaani lita mia mbili na kitu, uzito karibu kilo 250. A ni isosianeti, rangi ya kahawia kama mafuta ya injini yaliyotumika. B ni polioli iliyochanganywa na vikorokoro vingine pamoja na gesi ya kuvimbishia. Vinakutana kwenye mdomo wa bunduki ya kupulizia tu, kipimo sawa kwa sawa, na ndani ya sekunde chache povu limevimba mara 30 hivi na kuanza kukakamaa. Kabla ya hapo visikutane popote, wala kwa tone.

Mwenzangu ni Mkongo wa Bukavu, anaingia anagusa pipa la B kwa kiganja anasema, "Yaya, hii kitu iko baridi sana." Siku ya kwanza aliponiita yaya nilinuna kweli, kwetu Tanzania yaya ni dada wa kulea watoto, nikasema huyu jamaa ananidharau mapema hivi? Kumbe kwao yaya ni kaka mkubwa, ni heshima. Ila nikifikiria vizuri yote mawili ni sawa tu, maana mimi hapa sipulizi povu, nalea mapipa.

B ikiwa baridi inakuwa nzito kama asali ya kwenye friji. Pampu ya kuhamishia inavuta inapata hewa nusu dawa nusu, mashine inapeleka A nyingi B kidogo, povu linatoka kavu linavunjika kama biskuti na ukutani halishiki. Unalibandua lote, unapuliza upya, na seti moja ya dawa ni zaidi ya dola 2,000. Kwa hiyo hapa hakuna cha haraka.

Saa 12 kamili nimempigia bosi nikamwambia ukweli, chaja niliweka mimi. Kimya. Halafu, "Sawa, pasheni kwanza, msiondoke." Nikawasha jenereta, hita ya trela juu, yale mapipa mawili ya akiba tukayavalisha blanketi za umeme kwa joto la chini (moto mkali sehemu moja unaharibu dawa), na haya mawili ya kazi tukayazungusha: pampu inavuta dawa kutoka pipani, inapita kwenye hita za mashine, inarudi pipani, tena na tena. Mimi kila dakika kumi na kile kipimajoto cha leza nalenga tumbo la pipa. 11. 13. 16. Chai ya chupa hapo ndio nimeikumbuka. Tunataka nyuzi 21 na kidogo, na kwa B tusipitilize sana, maana ile gesi ya kwenye dawa yetu inachemka nyuzi 19 tu. Ukiipasha ovyo inakuwa soda iliyotikiswa, ukifungua inatoka na povu linakosa uvimbe.

Saa 2 na nusu tuko barabarani, I-94 kuelekea St. Cloud, masaa mawili nyuma ya ratiba. Mapipa yamefungwa mikanda ya kukaza, kila moja na wake, nimekagua mara mbili. Ukikamata breki kwenye barafu na pipa la kilo 250 halijafungwa, hutaki kuwaza.

Saa 4 kasoro tumefika, ni banda la mabati la kuwekea matrekta, mkulima kalipasha joto tangu jana, mzee muungwana. Fundi wetu mpulizaji ni Mmeksiko, hana maneno mengi, anavaa suti yake na maski ya uso mzima yenye hewa ya kuletwa kwa mpira, anaingia. Sisi tunabaki na trela. Kazi yangu kwa masaa matatu ni kuangalia geji mbili za presha, A na B, zikae pamoja pale 1,200. Zikiachana sana napiga kelele kwenye redio.

Saa 7 mchana mapipa ya kazi yanakaribia kuisha. Hapa ndipo mshahara wangu ulipo.

Fundi anazima bunduki. Tunavaa glovu za naitrili, miwani, maski zenye vichujio. Sheria yetu, tumejitungia wenyewe: pipa moja linafunguliwa kwa wakati mmoja na anayefungua anatangaza. "A wazi!" Mwenzangu anaitikia, "A wazi!" Nalilegezea kifuniko pipa jipya la A, nanyanyua pampu yenye utepe mwekundu kutoka pipa la zamani, naiacha ichuruzike mpaka tone la mwisho, bomba lake refu mwenzangu analikinga na ndoo ili lisidondoke sakafuni, inaingia kwenye pipa jipya, nakaza, narudishia kile kichujio cha kukaushia hewa chenye chembe za bluu. Zikigeuka waridi ujue zimeshiba unyevu, badilisha. A na maji ni maadui. Unyevu kidogo tu na inatengeneza vipande kama chumvi ya mawe vinavyoziba kila kitu, maji yakiingia mengi na ukafunga pipa, gesi inajaa ndani linavimba tumbo mpaka linaweza kupasuka. "A imefungwa!" "A imefungwa!"

Ndipo tunakwenda B, na glovu mpya. Kile kifuniko kidogo nakizungusha robo, nasubiri. Ssssss. Uso pembeni, mkono haukimbii. Sauti ikiisha robo nyingine. Harufu ya samaki aliyelala inajaa trela, hiyo ndiyo B, inakera ila unaijua ilipo. A hainuki karibu chochote na ndiyo ninayoiogopa, kikomo cha kisheria hapa ni sehemu 0.02 kwa milioni ya hewa, na mpaka pua yako ikisie kitu umeshapita mbali. Kuna watu mapafu yao yameikataa, wakiisogelea kidogo tu pumu inawabana, kazi ndio imeishia hapo.

Mnatuona kama waimbaji wa kwaya na ile "A wazi" yetu, lakini kampuni niliyokuwepo mwanzo kijana mmoja alitoa pampu ya B na kuitumbukiza kwenye pipa la A. Alikuwa ameamka usiku, amechoka, kaona pipa liko wazi kapachika. Tulipoinyanyua ilikuwa imevaa uji wa njano unaogeuka jiwe huku tunaangalia. Pampu ikatupwa, pipa likatupwa, kijana hakurudi Jumatatu. Tangu hapo utepe wangu mwekundu upo kwenye pampu, kwenye mpira, kwenye pipa na kwenye glovu za ziada, mtu akinicheka acheke.

Saa 10 jioni giza linaingia, fundi katoka kajaa madoa ya povu kama kamwagiwa ubwabwa. Tone moja la A lilidondoka kwenye mbao za sakafu, tukalimwagia unga wa kunyonya, tukazoa, tukapitisha ile dawa ya maji na magadi na sabuni, uchafu kwenye ndoo yenye kifuniko kilicholegezwa. Usikikaze, bado inatoa gesi mpaka kesho kutwa.

Saa 1 usiku yadi. Nachomeka hita. Chaja ya betri nimeipeleka soketi ya ukuta wa pili kabisa, nikaandika kwa maka peni juu ya ile soketi ya kwanza HITA TU. Njiani kurudi nilipita dukani nikanunua kipimajoto cha wifi kwa hela yangu, nimekining'iniza kati ya mapipa.

Saa 4 usiku nimelala kitandani, mama watoto ananiambia nimenuka samaki tena na bado nashika simu. Nyuzi 20. Nikaiweka chini. Nikaishika tena. Nyuzi 20.